Kabla ya kujaza uhandisi kwenye fomu ya chuo

Kila mwaka matokeo ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, yanapotoka, wahandisi wa Jinja, Tororo na Mbale hupigiwa simu na ndugu, majirani na watu wanaoswali nao au kusali nao. Swali huwa moja: mtoto amefaulu PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, aingie uhandisi gani wenye kazi? Mzazi ana haki ya kuuliza hivyo, maana karo inatoka mfukoni mwake na miaka minne si mchezo. Ila ndani ya swali hilo yamesokotana maswali manne: kazi yenyewe ni ipi, njia za kuifikia ni zipi, sheria inakutambua lini, na riziki inatoka wapi. Vijana wengi hukwama kwa sababu waliwahi kujibu la nne bila kugusa la kwanza. Basi nitaanza na la kwanza na kulikalia kwa muda.

Kazi yenyewe

Tuseme kuna nyumba ya ghorofa inayojengwa Bugembe, yenye balkoni inayotokeza nje mita moja na nusu. Fundi mkuu wa pale yuko kwenye ujenzi miaka ishirini. Anautambua mchanga mzuri kwa kuushika kiganjani, anajua simenti iliyokaa stoo hadi ikaharibika, na akikwambia ukuta umepinda, timazi itakuja kumuunga mkono tu. Katika boriti zote alizowahi kumimina, nondo nene aliziweka chini, na hakuna boriti yake iliyoanguka. Akifika kwenye balkoni anaziweka chini vilevile. Zege linamiminwa, linakauka, linapigwa plasta na rangi, na linasimama vizuri kwa kuwa halijabebeshwa kitu. Kisha inakuja siku ya harusi, watu kumi na watano wanatoka nje kwa pamoja kumwona bibi harusi akishuka garini.

Chukua muhogo mbichi uupinde kwa mikono miwili. Hupasuka upande wa nje wa mpindo, kule unakovutwa. Upande wa ndani, unaobanwa, haufunguki. Zege nalo lina tabia hiyo. Likibanwa lina nguvu kubwa sana, likivutwa nguvu yake hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi. Boriti iliyolala juu ya kuta mbili ikibebeshwa mzigo, katikati yake hushuka kidogo, hivyo upande wa chini unavutwa. Nondo huwekwa chini ili zipokee mvuto huo badala ya zege. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, na ncha yake ikishuka, mambo yanageuka: juu ndiko kunakovutwa. Nondo zilizolala chini ya balkoni haziko mahali zinapohitajika. Pesa ya chuma imelipwa, chuma kimo ndani ya zege, na bado ni kama hakuna kitu.

Fundi yule hakuwa mzembe. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa boriti. Hapo alihitajika mtu anayejua kwa nini nondo huwekwa chini, maana anayeijua sababu ndiye atakayejua ni lini zipande juu. Hii ndiyo kazi ya mhandisi kwa ufupi: kukitabiri kitu ambacho hakijajengwa, kwa hesabu, kabla watu hawajakikanyaga. Hesabu na fizikia hazikuwekwa mlangoni ili kuwachuja watu. Zimewekwa pale kwa sababu bila hizo mtu anabaki kuiga alichokiona jana.

Nitatoa mfano mwingine mdogo, kwa kuwa unawagharimu watu kila siku. Mwenye nyumba anaona boriti ni nene mno, anaomba kina chake kipunguzwe kwa theluthi moja ili aokoe simenti. Anadhani anapoteza theluthi moja ya uwezo. Lakini ugumu wa boriti dhidi ya kupinda hufuata kina chake kikizidishwa chenyewe mara tatu. Ukibakiza theluthi mbili za kina, ugumu unaobaki haufiki hata theluthi moja. Anayefanya kazi kwa macho hawezi kuliona hilo. Anayekokotoa analiona kwa dakika mbili, na pia anakumbuka kumuuliza mwenye nyumba kama baadaye ataweka juu tangi la maji la lita 5,000, ambalo likijaa ni tani tano.

Hesabu zikishakwisha, mhandisi hutumia muda wake mwingi kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachojengwa. Zege likifika, linajazwa kwenye koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, koni inanyanyuliwa, na unapima limeshuka kiasi gani. Likishuka mno, kuna mtu ameongeza maji ili lichotwe kwa urahisi, na maji ya ziada hulidhoofisha. Vipande vya mchemraba vya milimita 150 kila upande vinamiminwa kando, vinatunzwa kwenye maji, kisha vinavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28. Tatizo ni kwamba siku ya 28 ikifika, ujenzi umeshapanda. Majibu yakija mabaya, mazungumzo huwa hivi:

"Injinia, tumeshamimina slabu ya pili. Sasa unataka nibomoe pesa yangu?"

"Haji, nguzo hizi mbili haziwezi kubeba ghorofa ya tatu. Siwezi kuweka saini."

"Nitamtafuta mwingine atakayeweka."

Kijana anayefikiria uhandisi ajiulize kama anaweza kukaa upande wa pili wa mazungumzo hayo, huku aliye mbele yake ndiye anayemlipa. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua watu 11. Baada ya misiba ya namna hiyo ilikuja Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, ambayo imeweka kamati na bodi za kukagua ujenzi. Hata hivyo sheria haikai juu ya jukwaa la mbao siku zege linapomiminwa. Anayekaa pale ni mtu, na sehemu kubwa ya taaluma hii ni ujasiri wa mtu huyo. Naona tunawapima vijana kwa alama za fizikia peke yake, na jambo hili hatuwaulizi kamwe.

Mradi mmoja, wahandisi wengi

Watu wakisikia uhandisi hufikiria majengo na barabara. Ili kuona matawi yake yanavyotofautiana na yanavyotegemeana, tuangalie bomba la mafuta linalotoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, ambapo 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania.

Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakiachwa yapoe kwenye joto la kawaida huganda, kwa hiyo bomba linatakiwa kuyaweka kwenye nyuzi joto 50 au zaidi njia nzima. Jambo hilo moja linaita watu wa fani tofauti mezani. Mhandisi wa kemikali anauliza mafuta yanaganda kwa joto gani hasa na yatapitaje. Mhandisi wa mitambo anapanga pampu. Kuna vituo sita vya kusukuma, viwili Uganda na vinne Tanzania. Mhandisi wa umeme anapanga nyaya za kupashia joto na mahali pa kupata umeme porini. Mhandisi wa ujenzi na mpima ardhi wanaamua bomba lipite wapi, lichimbiwe vipi, livuke mto gani. Wa mawasiliano anahakikisha chumba cha uendeshaji kinaliona shinikizo la kila kituo papo hapo. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kulitatua tatizo la nta peke yake.

Chini yao wapo mafundi wa kuchomelea, na hapa kuna hesabu inayofaa kuzingatiwa na kila mzazi. Ukiunganisha mabomba ya mita 18 kwa umbali huo wote unapata viungo zaidi ya 80,000. Kila kiungo kinachomelewa na kupimwa, na kikikutwa na tundu la hewa ndani kinakatwa na kurudiwa. Kwenye mradi kama huu mafundi na mafundi sanifu ni wengi kuliko wahandisi, na mchomeleaji mwenye cheti kinachotambulika kimataifa hutafutwa na makampuni hata nje ya Uganda.

Matawi mengine nitayapitia haraka. Mhandisi wa maji ndiye anayehusika pale daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka lilipoharibiwa na mafuriko Mei 2023 na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Yeye huuliza mvua kubwa ya miaka mingi ijayo itapitisha maji kiasi gani chini ya daraja. Wa udongo na miamba ndiye wa kuulizwa juu ya milima ya taka kama ule wa Kiteezi, ulioporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30. Wa vifaa vya tiba hutengeneza na kutunza mashine za hospitali; hospitali zetu zina mashine nyingi nzuri zilizosimama kwa kukosa mtu wa kuzifufua, na ningependa kuona vijana wengi zaidi wakienda huko. Wa kilimo hushughulika na matrekta, umwagiliaji na usindikaji, na chuo kikuu cha Busitema kimejijengea jina hapo. Wa magari wana mfano wa karibu: gari la umeme la Kiira EV lililotengenezwa na wanafunzi na walimu wa Makerere mwaka 2011, ambalo limezaa kampuni ya Kiira Motors yenye kiwanda Jinja.

Njia za kufika

Njia inayojulikana na wote ni S6 halafu chuo kikuu. Huko hesabu na fizikia hazikwepeki. Somo la tatu linaweza kuwa kemia, uchoraji wa kiufundi au hata uchumi, kutegemea fani na chuo. Usidhani basi masomo yote matatu yana uzito sawa. Katika kupanga nafasi za vyuo vya umma, masomo mawili ya lazima kwa fani huzidishwa mara tatu, la tatu huzidishwa mara mbili, na Jenero Pepa, ile karatasi ya maarifa ya jumla, pamoja na somo dogo huhesabiwa mara moja. A ni alama 6, B 5, C 4, D 3.

Linganisha wanafunzi wawili. Wa kwanza ana A ya hesabu, A ya fizikia na D ya kemia. Wa pili ana B ya hesabu, C ya fizikia na A ya kemia. Kwa kujumlisha tu, kila mmoja ana 15, na nyumbani watu watasema wamelingana. Kwa uzito wa uhandisi wa kwanza anapata 18 na 18 na 6, jumla 42. Wa pili anapata 15 na 12 na 12, jumla 39. Kwenye fani zinazogombewa, kama ujenzi na umeme, alama tatu ni pengo kubwa. Wasichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Mwanafunzi wa S5 anayesoma makala hii ajue kwamba saa moja ya ziada kwenye fizikia inamlipa zaidi kuliko saa moja kwenye somo la tatu.

Serikali hulipia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, sehemu kubwa wakiwa wa sayansi. Waliobaki hujilipia, au huomba mkopo kwenye Bodi ya Kugharamia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014 na kuzipa kipaumbele fani za sayansi na teknolojia. Mkopo huo hulipia ada ya masomo, si chumba wala chakula, na familia nyingi hushtukia jambo hilo muhula umeshaanza.

Ipo njia ya pili, ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini kana kwamba ni adhabu. Unaweza kuingia chuo cha ufundi baada ya S4, ukapata cheti, ukaenda kwenye vyuo vya ufundi vya serikali vya ngazi ya diploma, vinavyoitwa UTC, kama UTC Elgon kule Mbale, Bushenyi, Kichwamba, Lira au Kyema, au ukaingia diploma moja kwa moja kutoka S6. Kwa upande wa mafuta kuna Taasisi ya Petroli ya Kigumba. Mwenye diploma nzuri huweza kuomba shahada kwa mlango wa wenye diploma, Kyambogo, Makerere au kwingineko. Njia hii ni ndefu zaidi kwa miaka, ila mtu anafika chuo kikuu akiwa ameshashika mashine, ameshasoma michoro na ameshalipwa. Mnaomdharau kijana wa UTC mkumbuke kwamba Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wavulana 14 wakifundishwa useremala, ujenzi na umekanika.

Simshauri kila mtu apite njia hiyo. Kijana mwenye kichwa cha hesabu na nafasi ya kwenda S6 aende. Ninachokataa ni kijana wa S4 anayependa mikono yake ifanye kazi, ambaye hesabu zake ni za wastani, kulazimishwa PCM miaka miwili, akatoka na alama zisizofungua mlango wowote, kwa sababu tu mjomba alitaka mtoto wa chuo kikuu.

Shahada peke yake haitoshi

Hapa ndipo wazazi wengi hushangaa. Mtoto amevaa joho, familia imechinja, kadi za sherehe zimeandikwa Eng. mbele ya jina. Kisheria bado. Uganda ina sheria ya usajili wa wahandisi tangu 1969, na chini yake kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Kazi zinazohitaji saini ya mhandisi husainiwa na aliyesajiliwa huko. Aliyemaliza chuo juzi ni mhitimu wa uhandisi, hali yenye heshima zake, lakini hawezi kuidhinisha michoro ya jengo.

Safari kwa kawaida hupitia Taasisi ya Wahandisi Wataalamu wa Uganda, UIPE. Mhitimu hujiunga kama mwanachama wa ngazi ya mhitimu, hufanya kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, huandika ripoti za kazi alizofanya yeye mwenyewe, kisha hukaa mbele ya jopo la wahandisi linalomhoji. Jopo hilo huuliza mambo kama yale ya balkoni: kwa nini ulichagua hiki na si kile, ulikuwa na njia gani nyingine, ungefanya nini kama udongo ungekuwa mlaini zaidi. Akipita, huenda ERB kusajiliwa.

Kuna matokeo mawili ya jambo hili ambayo kijana ayajue mapema. La kwanza, mahali pa kazi ya kwanza ni muhimu kuliko mshahara wa kwanza. Kampuni inayokulipa vizuri kidogo lakini haina mhandisi aliyesajiliwa wa kukusimamia inakurudisha nyuma, maana miaka ile itakuwa migumu kuithibitisha mbele ya jopo. La pili, tunza daftari. Andika tarehe, kazi, uamuzi ulioufanya, na nani alikagua. Wahitimu wengi huanza kuandika ripoti miaka mingi baadaye kwa kukumbuka tu, na jopo huligundua hilo kwa maswali mawili.

Kabla ya hayo yote, kagua programu yenyewe unayotaka kuingia. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ndilo linaloidhinisha programu za vyuo, na uidhinishaji una muda wake. Mwaka 2023 wazazi wengi walishtuka kugundua kwamba programu kadhaa, hata za vyuo vikubwa, zilionekana kwenye orodha kama zilizopitwa na muda wa kukaguliwa. Kwa uhandisi kuna swali la ziada: je, ERB inaitambua shahada hii? Programu inaweza kuwa na jina tamu lenye neno uhandisi ndani yake huku njia yake ya usajili ikiwa na matatizo. Uliza kabla ya kulipa. Chuo kinachojiamini kitakujibu kwa maandishi.

Wanaofanya kazi ya umeme majumbani nao wana sheria yao. Kutandaza nyaya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na vibali vina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Kijana mwenye cheti cha umeme na kibali cha ERA anaweza kuanza kujitegemea mapema sana, wakati mwenzake wa shahada bado anatafuta mahali pa mafunzo.

Riziki

Sasa lile swali la simu: kuna kazi? Zipo, ila hazijagawanyika sawa na hazikai mahali pamoja. Mwajiri anayefikiriwa kwanza ni serikali: wizara ya kazi na uchukuzi, ambayo sasa ndiyo inayobeba barabara kuu baada ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, kuvunjwa mwishoni mwa 2024, wahandisi wa wilaya, shirika la maji, makampuni ya umeme ya umma. Tangu 2022 serikali imepandisha mishahara ya wanasayansi wake. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wahandisi wa serikali nao wamo katika sera hiyo. Nafasi zenyewe ni chache na hutangazwa kwa nadra.

Miradi mikubwa ndiyo inayovuta macho. Bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala ulisainiwa Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi. Kazi hizi hufunza mengi, ila zina mwisho. Mwanamume au mwanamke anayeingia kwenye ujenzi ajue ataishi kambini, mradi utakwisha, na atatafuta mwingine, pengine mbali na nyumbani. Kwa wenye familia changa jambo hili huuma kuliko wanavyosema. Makandarasi wadogo nao huumizwa na malipo yanayochelewa, na ucheleweshaji huo humfikia mhandisi kijana kama mshahara wa miezi miwili usiojulikana utakuja lini.

Viwanda havizungumzwi sana, nami naona ni kosa. Jinja, Namanve, Mukono, Tororo kwenye simenti, Kakira, Lugazi na Kinyara kwenye sukari: huko mashine haziruhusiwi kusimama, na mhandisi wa mitambo au umeme anayejua kuzuia hitilafu kabla haijatokea ana kazi ya mwaka mzima, analala kwake, na anajifunza kila siku. Agosti 2022 maji yalifurika kwenye jengo la mitambo la bwawa la Isimba na bwawa lote la megawati 183 likazimwa kwa muda. Kujenga bwawa ni kazi ya miaka michache. Kulitunza ni kazi ya vizazi, na nchi yetu ina wajenzi wengi kuliko watunzaji.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani, iwe Bombo, Jinja, Tororo au Busia, tuna faida ambayo hatuitumii. Mwaka 2012 Uganda, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambuana wahandisi, ili aliyesajiliwa nchi moja aweze kuomba kufanya kazi nchi nyingine bila kuanza upya. Kilomita nyingi za lile bomba ziko Tanzania, ambako maelekezo ya usalama asubuhi, mabishano na mafundi na mikutano ya vijiji hufanyika kwa Kiswahili. Mhandisi anayeweza kumweleza mzee wa kijiji kwa nini shamba lake litachimbwa, kwa lugha ambayo mzee anaielewa bila mkalimani, hushinda kazi nyingi ambazo hesabu peke yake isingempa.

Kuhusu mabinti, nitasema wazi kwa sababu bado nasikia wazazi wakisema ujenzi ni wa wanaume. Winnie Byanyima alisomea uhandisi wa ndege Manchester na akafanya kazi ya uhandisi wa ndege hapa nyumbani kabla ya siasa na mashirika ya kimataifa. Dorothy Okello alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa UIPE, na amewafundisha wahandisi wengi Makerere. Ugumu kwa binti upo, na mara nyingi hauko kwenye hesabu. Uko kwenye kambi isiyo na choo cha wanawake na kwenye fundi anayejifanya hasikii maelekezo yake. Mzazi anayetaka kusaidia amuulize mwajiri wa mafunzo kuhusu malazi na vyoo kabla binti hajapanda basi.

Kama uko kwenye vakesheni ya S6, ile likizo ndefu kabla ya chuo, sasa hivi, una miezi kadhaa mikononi. Nenda kwa fundi anayejenga mtaani kwenu, umwombe ubebe zege kwa ujira wa kawaida, na kila jioni umuulize swali moja: kwa nini. Kwa nini ringi hizi zinazofunga nondo zimekaribiana hapa na kuachana pale? Kwa nini slabu inamwagiwa maji siku kadhaa baada ya kumiminwa? Mengine atakujibu vizuri kuliko mwalimu. Mengine atakwambia ndivyo tulivyokuta. Yaandike hayo ya pili kwenye daftari, uyatafutie jibu mwenyewe kwenye vitabu vya fizikia vya S5 na S6. Ukiona unakosa usingizi kwa kutaka kujua, jaza uhandisi kwenye fomu. Ukiona unafurahia zaidi kumwona fundi akipanga matofali hadi ukuta ukanyooka, nenda UTC ukaulize fomu zao zinatoka lini.